Gitaa la Kushoto Nililolikataa Mwenyewe

Mwaka ule mto uliingia mashambani ukachukua mpunga wote ukatuachia kambare, tukachimba ming'oko, vile viazi vya porini, tukala kambare kwa ming'oko asubuhi, ming'oko kwa kambare jioni, mpaka paka wangu akimwona kambare anageuza uso, basi huo ndio mwaka nilioaibika mbele ya watu kipaza sauti kikiwa wazi, na nasema mwenyewe kabla hamjasimuliwa na wengine, maana huku kwetu Mtunda wapo wanaosema eti nilianguka. Sikuanguka. Ningeanguka ingekuwa nafuu.

Mjukuu wangu ana jina langu, kwa hiyo mimi namwita Somo. Ni wa mkono wa kushoto tangu anatambaa. Mimi ndiye niliyemlea, na mimi ndiye niliyeuadhibu ule mkono: niliupiga kwa mwiko, nikaupaka shubiri, wakati wa kula nikaufunga kwa kipande cha kanga, nikimwambia, "Mkono wa kulia ndio wa kulia, jina lenyewe linasema." Siku moja (hajaanza hata shule) akanijibu, "Bibi, kwangu mimi huu wa kulia ni wa kulia machozi." Nikacheka. Siku hizi nikikumbuka sicheki.

Alipofika kidato cha nne akaja pale shuleni mwalimu wa mazoezi na gitaa lake kavu, lile lisilotaka umeme, Somo akawa analigeuza kinyume analipiga kwa kushoto, na nyuzi zikiwa zimepinduka hivyo hivyo akatoa wimbo. Mwalimu akaniambia, "Bibi, huyu akipata gitaa la kushoto, hamtamweza." Kisha akamaliza mazoezi yake akaondoka nalo. Mahafali yanakuja, Somo kapangiwa apige mbele ya wageni, gitaa hana.

Nikaapa litanunuliwa, na litakuwa la kushoto. Ule mkono niliukosea, nani mwingine autake radhi? Nikauza mikeka yangu ya ukindu niliyokuwa nimeiweka kwa ajili ya maziko yangu (ndiyo, nitazikwa kwa mkeka wa kuazima, sina neno). Somo akanifundisha: "Bibi, la kushoto mtu akilishika, shingo yake inakwenda kulia. Usisahau. Shingo kulia." Njia nzima juu ya bodaboda nikawa nasema shingo kulia, shingo kulia, kama mtoto wa chuoni anayehifadhi sura.

Kibiti, karibu na stendi, yupo fundi wa redio anayeuza na vyombo vya muziki. Magitaa mapya yalining'inia yanang'aa, bei yake ukiisikia unaomba maji. Ya mitumba yalikuwa mawili, yote rangi ya chai kavu, bei ya mtu kama mimi, moja la kulia, moja la kushoto. "Bahati yako, bibi," Fundi akasema, "la kushoto hata mjini halipatikani ovyo." Nikayagonga kama mtu anayechagua nazi, nikatazama nyufa, nikanusa ndani kama panya hajazaa humo. Mazima yote mawili. Fundi akachukua moja, akalipakata, akasimama mbele yangu ng'ambo ya meza.

Nikatazama shingo. Iko kushoto.

"Fundi, hilo la kulia. Shingo imekwenda kushoto."

"Imekwenda kulia, bibi. Kulia kwangu."

"Mimi natazama kwa macho yangu, wewe unanijibu kwa yako?"

Akashika la pili, shingo ikaja kulia kwangu. "Hilo!" nikasema.

"Hilo ndilo la kulia, bibi yangu. Tumekabiliana, ndiyo maana unaona kinyume. Hebu pita huku usimame ubavuni mwangu, tutazame sote mbele, utaona."

Hapo ndipo nilipojiharibia. Hatua tatu tu, ningepita yakaisha. Lakini nikajiuliza, mimi mjane wa watu, na buibui langu, nipite nyuma ya meza ya mwanamume nisimame naye bega kwa bega kama maharusi wanaopigwa picha, na stendi nzima inatazama? Nikamwambia, "Ubavuni mwako atasimama mkeo."

Bodaboda wakasikia, wakaja, na hao wakija ujue imekuwa ngoma. Huyu anasema bibi yuko sawa, yule anasema fundi yuko sawa, mmoja mdomo wazi akasema, "Kwani kushoto si mkono wa msalani? Bibi anataka gitaa la chooni!"

"Na mama yako," nikamuuliza, "alikupakata kwa mkono upi, wa kulia ukiwa umeshika mwiko?"

Wakamzomea mwenzao, kijiwe kizima kikawa changu, na mtu akishangiliwa hasikii tena. Fundi akaninyooshea lile la kwanza kwa mikono miwili, "Bibi, chukua hili, nakuapia." Nikalisukuma, nikapaza sauti stendi yote isikie: "La kulia silitaki, hata mnipe bure."

Wakanipigia honi. Fundi akanifungia lile la pili nililolitaka, kama anayevika sanda. Nikaondoka mshindi.

Nyumbani nikalificha kwenye kanga, Somo asilione mpaka siku yenyewe. "Bibi, shingo kulia?" akaniuliza. "Kulia," nikasema, tena kwa ukali kidogo.

Siku ya mahafali, Somo alipoitwa, mimi nikainuka na vigelegele, gitaa nimelibeba mgongoni kwa kanga kama mtoto mchanga, nikacheza mpaka mbele, nikachukua kipaza sauti (sikupewa, nilichukua). Nikasema, "Ndugu wageni, mkono wa kushoto wa mtoto huyu niliupiga kwa mwiko miaka mingi, nauomba radhi leo mbele yenu, na zawadi yake ni hii." Wanawake wakajifuta macho. Nikalifungua.

Somo akalipakata. Akalitazama. Akaligeuza, akaligeuza tena, akaniinamia sikioni, na kile kipaza sauti mkononi mwangu kikaubeba mnong'ono wake hadi kwa wauza maandazi getini: "Bibi, hili ni la kulia."

"Haiwezekani! Nililipigania!" Hilo nalo likaenda getini.

Nikamwambia alishike sawasawa nimwoneshe, nikasimama ubavuni mwake, sote tunawatazama wageni, bega kwa bega, na papo hapo, kwa hatua zile zile nilizozikataa Kibiti, nikaiona shingo ya gitaa inakwenda kushoto, haina hata haya. "Mama yangu!" nikasema, na uwanja ukalipuka, watu wakashikana mabega, mwingine kiti kikamtoka.

Mkuu wa shule akaona anisitiri. "Si neno, bibi. Apige hivyo hivyo kwa kulia, atazoea."

Somo hakubisha. Akaweka mkono wa kulia kwenye nyuzi akainamisha kichwa, vile vile alivyokuwa akiinamia sahani nilipomfunga ile kanga. Kicheko cha watu hakikuniuma. Hicho kichwa kiliniuma.

"Mwalimu," nikasema, "neno hilo nilianza kulisema mimi kabla yako. Hakuzoea. Endeleeni na hotuba, nakuja."

Nikalibeba gitaa, nikapanda bodaboda na dera langu la sherehe, vumbi likanipaka kama andazi lililogaragazwa kwenye unga. Fundi nilimkuta anakula. Hakucheka (angecheka ningepata pa kumshika). Lile la kushoto lilikuwa nyuma yake, limefunikwa kitambaa. "Nilikuwekea," akasema. "Nilijua utarudi."

Nikapita nyuma ya meza, nikasimama ubavuni mwake, bodaboda wakipiga vigelegele, "Bibi harusi! Bibi harusi!" nikatazama mbele nikasema, "Lipakate nione."

Akalipakata. "Shingo kulia, bibi."

"Kulia," nikasema.

Mahafali ya kwetu hayaishi upesi, nilimwachia la kulia nikarudi na la kushoto, watu wako kwenye pilau. Somo akapiga hapo hapo, na matonge yakasimama njiani kabla ya midomo. Wengine walisikia wimbo. Mimi nilikuwa natazama ule mkono tu, unachuma nyuzi haraka haraka kama unachuma kunde mvua inakuja, na hakuna aliyeufunga.

Tangu siku hiyo mtu akinionesha kitu namzunguka kwanza nisimame alipo, hata nesi na kadi yake, hata shehe akitaka nitamzunguka.

Nilipomaliza kusuka mkeka mwingine nikampelekea Fundi, wa kumtaka radhi. Akaona haya niondoke mikono mitupu, akalishusha lile la kulia ukutani. "Chukua na hili, bibi, zawadi yangu." Bure kabisa, na bodaboda wamesogea wasikie nitasemaje. Nikaliwaza limening'inia nyumbani kwangu, na mgeni fulani siku moja anamwambia Somo, hebu jaribu hili la watu wote, utazoea. Nikalirudisha mikononi mwake, nikapaza sauti stendi yote isikie:

"La kulia silitaki, hata mnipe bure."