Darubini Tuliyoichagua Saa Mbili Asubuhi

Asubuhi hiyo tulikunywa chai tukiwa tumesimama, kwa sababu nyasi za uwanja wa shabaha zilikuwa zimelowa umande. Ziwa Elmenteita lilikuwa chini yetu. Mbele yetu, mbali kidogo, ulionekana ukuta mweupe wa machimbo ya Kariandusi, nilikozaliwa. Nilibeba magunia ya mawe yale meupe kwa miaka mitatu hadi nikajilipia karo ya diploma ya upimaji ardhi. Hakuna mjomba aliyenishika mkono. Nilipoingia jeshini nilikuwa mlengaji pekee kikosini aliyeweza kueleza kwa nini kioo hukuza vitu, na sikumruhusu mtu yeyote kulisahau hilo.

Sajini alikuwa ametandika turubai na kuweka darubini mbili za bunduki juu yake. Baada ya wiki mbili tungevuka mpaka kwenda vitani.

"Hii ndogo inakuza mara nne, basi," alisema. "Hii kubwa inaanzia mara kumi na mbili, unaizungusha mpaka ishirini na tano. Chagueni moja, mtie sahihi nyote wawili. Ukishatia sahihi hakuna kurudisha."

Tulikuwa tunafanya kazi wawili wawili. Kazi yangu ilikuwa kulenga. Ya mwenzangu Kiprotich ilikuwa kutazama pande zote na kunielekeza. Alitoka upande wa Njoro, mtoto wa wafugaji, na alichungulia kwenye ile darubini ndogo kwa utaratibu, kilima baada ya kilima, kama mtu anayehesabu ng'ombe jioni.

"Hii inaona kila kitu," alisema.

"Inaona kila kitu kikiwa kidogo," nikamjibu, nikampa ile kubwa.

Kule machimboni, mtu alikuwa akijikuna shingo. Kiprotich alimwona, akacheka.

"Msomi, hii ni ya kutafuta mwezi! Sikiza, tungoje mchana tuijaribu tena. Tunakoenda ni jua tupu."

"Mpima ardhi hafanyi kazi mchana."

"Na adui naye ni mpima ardhi?"

Askari wote walicheka, hata sajini. Iliniuma. Nilichukua kalamu, nikatia sahihi kwenye karatasi ya ile kubwa na kumsukumia. Kiprotich alinitazama kidogo, kisha akaandika jina lake chini ya langu. Hakubishana tena.

Mwezi wa kwanza ng'ambo ya mpaka, nilikuwa mfalme. Tulilinda kisima kwenye tambarare ya vumbi, tukiwa juu ya kilima kidogo, nyuma ya magunia ya mchanga. Alfajiri na jioni niliweza kuona vifungo vya shati la mtu ambaye wenzangu walimwona kama kijiti. Maofisa walikuja kuchungulia, nami niliwaeleza mambo ya vioo bila kuulizwa. Mchana tulipumzika. Tuliamini kwamba adui naye hupumzika.

Siku ile ilikuwa saa saba na nusu mchana. Wachungaji walikuwa kisimani na ngamia wao. Ghafla wakaanza kuwafukuza kutoka kwenye maji.

"Hawajamaliza kunywa," Kiprotich alisema. "Mfugaji hamtoi mnyama majini hivyo. Kuna kitu."

Nikaweka jicho kwenye kioo.

"Kushoto," alisema. "Kichaka chenye tawi lililovunjika. Kuna mtu."

Ndani ya darubini ardhi ilikuwa inachemka; kioo kilikuza hata mawimbi ya joto. Kichaka kilipinda, kikagawanyika, kikaelea. Nilizungusha hadi mara kumi na mbili, chini ya hapo haikushuka. Bado kilielea.

"Umemwona?"

"Bado."

"Ana bunduki, msomi."

"Simwoni."

"Kushoto kwa tawi. Hapo!"

Akainuka ili anionyeshe kwa mkono.

Mlio ulikuwa mmoja tu.

Alianguka miguuni pangu. Nilifyatua mara tano kwenye kile kilichokuwa kikielea. Baadaye wenzetu walikuta matawi yaliyokatika na nyayo za mtu aliyeondoka. Hakuwa hata amekimbia.

Kiprotich aliomba maji. Nilimpa kwa kifuniko cha chupa. Helikopta ilimkuta amekwisha.

Siku ya maziko, baba yake aliniita kando ya zizi. "Wewe ndiwe uliyekuwa jicho," alisema. "Mbona hukumwona?"

"Ni joto, mzee. Kwenye joto kioo hudanganya. Hakuna aliyeweza kujua."

Aliitikia kwa kichwa, akanishukuru kwa kumrudisha mwanawe nyumbani.

Leo nina nyumba ya ghorofa Kiamunyi, ramani yake nimeichora mwenyewe, na diploma yangu imetundikwa mahali ambapo kila mgeni lazima aione. Watu hunifuata kutoka Naivasha niwapimie mipaka. Sioni haya kusema hivyo. Sikupewa na mtu.

Kiangazi hiki yule mzee, baba yake Kiprotich, aliniita nimgawie shamba. Alitaka vipande vinne, ingawa wana walio hai ni watatu. Nilianza mapema, kifungua mimba wake akinishikia fimbo ya vipimo. Kufikia saa sita nilikuwa nimemaliza vitatu. Kisha namba za kwenye fimbo zikaanza kucheza ndani ya kioo. Nikafunga kifaa cha kupimia.

"Mbona unafunga?" mzee aliuliza. "Kimebaki cha Kiprotich."

"Tutakimaliza kesho asubuhi, mzee. Saa hizi ardhi inachemka. Kioo kinadanganya."

Kisha akauliza polepole, "Hilo ulijifunza vitani?"

Ningesema ndiyo, na mambo yangeishia hapo.

"Hapana, mzee. Chuoni. Mwaka wa kwanza."

Alitazama kile kipande ambacho hakijapimwa. Kisha akageuka, akaingia nyumbani. Hakutoka kuniaga.

Nilirudi kesho yake saa mbili asubuhi, nisijue kama lango litafunguliwa. Lilikuwa wazi. Mzee alikuwa amenitangulia shambani. Alikuwa amesimama kwenye kona ya mbali ya kipande cha mwanawe, peke yake, fimbo ya vipimo ameishika wima kwa mikono miwili, akinitazama. Niliweka kifaa, nikainama kwenye kioo.

Hewa ilikuwa baridi na safi. Nilimwona vizuri sana, hadi mikunjo ya vidole vyake.