Mke wangu aliniambia kesho yake ilikuwa Nane Nane

Admin, jina langu baki nalo huko huko inbox, maana ukilitoa tu Ilomba nzima watanijua. Mimi ni mwanaume wa miaka 36, naishi Mbeya, kazi yangu ni kompyuta. Natengeneza mifumo ya maduka, shule na zahanati. Nina mke na mtoto mmoja wa kike, tumuite Tumpe. Au niseme nilikuwa nao, maana huu ni mwezi wa tano tangu waende Idodi kwa wazazi wa mke wangu. Jamani nimechoka. Hata ugali haupiti.

Kipindi mke wangu anapata mimba ya Tumpe nilikuwa nimetoka Makongolosi kufunga kamera kwenye migodi. Nilikaa huko miezi mitatu bila kurudi, nikarudi nyumbani tarehe tatu mwezi wa saba. Mwezi uliofuata akanipa habari njema. Mtoto akazaliwa mwezi wa tatu, wiki mbili kabla ya siku zake, sista akasema ni kawaida. Na mimi nikaona kawaida, tukachinja kuku tukala.

Sasa mwaka huu zahanati moja binafsi, ile ile mke wangu aliyoanzia kliniki, ikanipa kazi ya kuhamisha kumbukumbu za wagonjwa kutoka Excel kwenda kwenye mfumo mpya. Nikahamisha. Nilipomaliza nikatafuta jina la mke wangu. Najua sikutakiwa, faili la mgonjwa siyo gazeti, lakini nilitafuta. Nikakuta: kipimo cha mimba, anayo, 8 Julai. Siku tano tu tangu nishuke kwenye gari kutoka Makongolosi! Mimba gani ya siku tano inaonekana kwenye kipimo?

Nikamsubiri arudi sokoni. Hata kapu hajatua nikamuuliza, "Ulipima mimba lini?"

Hakusita. "Mwezi wa nane tarehe saba. Kesho yake ilikuwa Nane Nane, ukanipeleka kwenye maonyesho, nikatapika pale kwenye banda la ng'ombe mpaka watu wakacheka. Umesahau, Baba Tumpe?"

Nikamwambia aniondolee hadithi zake za ng'ombe. "Kompyuta haina shemeji wala wifi. Imeandika Julai."

"Basi hiyo kompyuta yako inadanganya."

"Mfumo nimeutengeneza mimi!" Nilimpigia kelele hivyo, na majirani walisikia.

Jioni ile ile nikampigia baba mkwe, nikaweka spika ili mama yangu asikie, nikasema mtoto siyo wangu. Mzee yule ni mkulima, mzee wa kanisa, haongei sana. Akauliza tu, "Mwanangu, una uhakika?" Nikajibu nina ushahidi, baba. Akasema, "Haya, namfuata binti yangu." Alikuja mwenyewe na basi, hata maji hakunywa kwangu.

Wiki mbili zilizopita mke wangu akapiga simu. Akaanza na shikamoo. Hajawahi kuniamkia tangu tufahamiane, sisi ni watu wa kutaniana, Mnyakyusa na Mhehe wake. Akasema, "Nimechoka, Baba Tumpe. Huku kanisani wananitazama. Mtoto anakuulizia kila siku. Hiyo tarehe yako unayoitaka, iandike, mimi nakubali. Nimekosa, nisamehe, nirudi nyumbani." Nikasema nimemsamehe. Ukoo mzima ukanisifu kuwa nina moyo. Mama yangu akasema Tumpe tutamlea tu hivyo hivyo, hata kama siyo damu yetu.

Jumanne iliyopita sista wa zahanati kanipigia. "Fundi, mfumo wako umelewa? Kuna mtoto hapa kachanjwa kabla hajazaliwa." Nikaenda huku nacheka. Nikafungua. Ndugu zangu, kicheko kiliishia pale pale.

Dada wa mapokezi alikuwa anaandika kama tunavyoandika sisi wote, siku kwanza, mwezi baadaye. Mimi mfumo niliuacha kwenye mpangilio wa Kimarekani, mwezi kwanza, siku baadaye. Kwa hiyo 7/8 ya mke wangu, tarehe saba mwezi wa nane, ikaingia kwenye database kama tarehe nane mwezi wa saba. Zile za kuanzia kumi na tatu ziliingia sawa, maana hakuna mwezi wa kumi na tatu, na nilipofanya majaribio nilijaribu na tarehe ishirini na tano. Nikaona kazi imeisha, nikaenda kunywa chai.

Na yeye alinitajia Nane Nane. Hiyo ni 8/8, hata uigeuze vipi inabaki Nane Nane. Nilikaa kwenye kile kiti mpaka sista akaniuliza kama nina malaria.

Nimerekebisha zote. Sasa ya mke wangu inasoma 7 Agosti. Sista kanishukuru, kanipa na soda, na hakuna mtu mwingine anayejua.

Jumamosi baba mkwe anamleta. Mama kashanunua mchele, baba zangu wadogo wameitwa waje wamsikie akiomba msamaha. Nikinyamaza, mke wangu amerudi na mambo yameisha, ila Tumpe wangu atakulia kwenye ukoo unaomuona mtoto wa kuokota. Nikisema, zahanati watajua nilifungua faili, na mzee yule anaweza kugeuza na binti yake moja kwa moja, na nitakuwa sina la kumwambia. Naona aibu, na ninaogopa, niseme ukweli.

Jana usiku kanitumia meseji. "Nikifika nianze kupiga magoti au nianze kusalimia? Sitaki kukosea tena."

Sijajibu mpaka sasa. Jumamosi ni keshokutwa. Mnaosoma hapa, hasa kina mama, nishaurini: nimjibu nini?