Zimwi Tuliloliita Maduhu

Nakumbuka Jumapili moja, mwanangu, bibi yangu alipojitwika kikapu chenye sanamu za plastiki, zimwi likiwemo, akatembea nacho mchana kweupe mpaka kwa mwenyekiti wa kijiji, na mimi nyuma yake, msichana mzima, meno yanagongana kama nina malaria. Sijawahi kuogopa vile tena. Hata siku ya kukuzaa wewe na Kulwa, na mlikuja wawili bila kunipa taarifa, sikuogopa vile.

Nakwambia haya, Doto, wewe na wenzako, kwa sababu ya jana. Jana nilipiga hodi chumba cha uani nikiwaletea chai, nikasikia mtu anasema, "Funika! Funika!" Nilipoingia nikakuta meza yenu ya mchezo imefunikwa kitenge, tena kitenge changu, na ninyi mnaangalia dari kama watu waliokuja kulikagua. Mlidhani nitagomba. Maskini ya Mungu! Mchezo wenu nausikia kila Jumamosi, mashujaa wenu, mapango yenu, dadu zikigonga meza, na moyo wangu unafurahi. Kilichoninyima usingizi ni kile kitenge. Kaa hapo nikueleze. Chai itapoa, na ipoe.

Mnafikiri ninyi ndio mlioleta michezo hiyo Mwanza. Thubutu! Ilikuwa miaka ile ya ruksa, biashara zimefunguliwa, mitumba inaingia mjini kwa malori. Binamu yangu Shija, mtoto wa mjomba, alikuwa na meza ya nguo za watoto sokoni Mlango Mmoja. Siku hiyo akafungua robota, na katikati ya masweta akakuta boksi limebonyea. Ndani yake mlikuwa na ubao uliochorwa mapango na misitu, dadu zenye pande nyingi kuliko za ludo, na sanamu ndogo ndogo: mzee wa ndevu mwenye fimbo, askari mwenye ngao, na zimwi lenye mabawa, bawa moja limevunjika ncha. Kijitabu cha maelekezo kilikuwa kwa lugha ambayo mwalimu mmoja aliitazama akasema si Kiingereza, na zaidi ya hapo hajui. Basi tukajitungia sheria wenyewe.

Jumapili mchana tulikuwa tunakwenda kuchezea kwa bibi mzaa mama, kijijini, si mbali na Kisesa. Mimi, Shija, na rafiki yangu Kabula aliyekuwa anajifunza ushonaji pamoja nami. Bibi alikuwa mjane, anaishi peke yake, na alipenda tukimjazia nyumba kelele. Mimi ndiye niliyekuwa mwenye hadithi. Nawaambia, "Mmefika mtoni, daraja limekatika, upande wa pili moshi unatoka pangoni. Mnafanya nini?" Shija anasema, "Naruka!" Kabula anasema, "Mimi sina wazimu, natafuta kivuko." Namwambia Shija atupe dadu, na dadu ikimkataa, anatumbukia mtoni na ngao yake, tunacheka mpaka mbavu zinauma.

Bibi alikaa mlangoni anabangua karanga, akijifanya hasikii. Halafu ghafla anauliza, "Hao watu wenu wamekula? Tangu mchana mnawatembeza tu." Ikabidi tuweke sheria: shujaa asiyekula hatupi dadu. Mpaka leo sijaona mchezo wenye sheria nzuri kuliko ile.

Sasa sikiliza. Mzaha mzaha hutumbua usaha. Zimwi letu halikuwa na jina, na jirani na bibi alikuwepo mzee mmoja anaitwa Maduhu, mzee mgomvi kidogo, kila siku mbuzi wa bibi wamemlia mihogo. Shija akasema, "Hili zimwi ni Maduhu, tazama hata macho." Tulicheka. Kuanzia hapo zimwi likawa Maduhu. Maduhu amemeza kijiji, Maduhu amefunga mvua, Maduhu achomwe mkuki.

Wiki ileile Mzee Maduhu halisi alishikwa na maumivu ya ubavu, akalala, hainuki. Sisi mjini hatukujua. Jumapili tukaja, tukatandaza ubao, na mchezo ukakolea. Kabula akarusha dadu akapiga kelele, "Mkuki wa ubavuni! Maduhu amekufa?" Nami nikajibu, "Bado. Tupa tena."

Hapo hapo tukasikia hodi. Alikuwa mke wa Maduhu, amekuja kuazima ungo, na dirisha la bibi lilikuwa wazi. Shija akavuta khanga ya bibi kutoka kwenye kamba akafunika kila kitu. Yule mama aliingia, akatuangalia mmoja mmoja, akaiangalia ile khanga. Bawa lililovunjika lilikuwa limejitokeza pembeni. Bibi akamletea ungo. Mama wa watu akarudi kinyumenyume mpaka nje, akaondoka. Ungo hakuuchukua.

Mwanangu, wewe umekulia mjini, hujui ungo ule ulivyonitia baridi. Macho ya bibi yalikuwa mekundu. Yalikuwa mekundu kwa moshi wa mavi ya ng'ombe aliyopikia tangu usichana wake, kama macho ya wanawake wengi wa umri wake, kuni zikiwa shida. Lakini miaka ile, kwetu, ajuza mwenye macho mekundu hakuwa na usalama. Mtoto akifa, ng'ombe akianguka, mvua ikikawia, watu wanamtazama yeye. Ng'ambo ya mto kulikuwa na bikizee mmoja waliyemkuta asubuhi amekatwa mapanga ndani ya nyumba yake. Kosa lake, macho. Na bibi yangu sasa alikuwa na macho, na sanamu, na jirani mgonjwa ubavu uleule tuliousema.

Wenzangu walirudi mjini, mimi sikurudi. Nilibaki naye, na siku zile nilikuwa nashtuka hata kuku akikwaruza mlango. Asubuhi kisimani bibi alisalimu, "Mwangaluka," kama alivyosalimu maisha yake yote, na wanawake wakanyamaza, wakasogeza ndoo zao. Watoto waliokuwa wakimpokea mzigo walivutwa mikono na mama zao. Shikamoo zikakauka. Bibi alijaza maji yake taratibu, akanitwisha, tukarudi. Nilitamani alie. Hakulia, mimi ndiye niliyelia kwa niaba yake.

Shija alikuja mbio aliposikia bibi anavyotengwa. Akasema tuchome boksi lote, halafu bibi tumhamishie mjini kabla giza halijaingia. Nikamuunga mkono, tena nilishaanza kufunga nguo za bibi. Bibi akaniangalia tu, akaninyang'anya furushi.

"Mkichoma," akasema, "watasema tumechoma hirizi. Nikikimbia, watasema nimekiri. Niende wapi mimi? Kaburi la babu yenu liko hapa."

"Bibi, watakuua," Shija akasema.

"Wanaweza." Hakutaka hata kutudanganya. "Sasa nyie nisikilizeni. Mchezo si kosa. Hata wazee wana bao lao, wana drafti zao za vizibo. Kosa ni jina. Jina la mtu aliye hai si la kutupia mkuki, hata mkuki wa mdomo. Amepewa na wazee wake, halikuokotwa robotani. Kwani hamkuwa na jina lingine? Mngeliita Njaa, nani angekasirika?" Halafu akasema lile linaloniuma hadi leo: "Na ile khanga. Mlipofunika, mlinifunika mimi. Ninyi mnapanda gari mnakwenda zenu. Mimi ndiye ninayebaki na mlango huu."

Unaona, mwanangu? Sisi watatu tulicheza, lakini mwenye kulipa alikuwa ni yeye aliyekuwa anabangua karanga.

Ndipo ikaja ile Jumapili. Mkutano wa kijiji ulikuwa uani kwa mwenyekiti, na habari yetu ilishatangulia. Vijana walikuwa wamesimama pembeni na fimbo zao, hawataniani kama kawaida yao. Bibi akapita katikati yao, akatua kikapu, akamsalimu mwenyekiti, kisha akazipanga sanamu chini, moja moja, kama anayeanika samaki. Watu wakarudi nyuma.

"Haya ndiyo mnayoyasema," akasema. "Yatazameni vizuri. Wajukuu zangu watawaeleza."

Mwenyekiti akanigeukia mimi. "Binti, hivi ni vitu gani?"

Nikasema, "Shikamoo mwenyekiti. Ni bao, ila ni bao la hadithi."

"Bao gani lina mizimu?" mtu akapiga kelele kutoka nyuma. Wengine wakaitikia. Kijana mmoja akasogea hatua mbele, na nikaona kidole chake kinacheza juu ya fimbo. Mwanangu, nilisali sala zote nilizozijua, hata ya kubariki chakula.

Bibi akasema, "Mleteni Maduhu."

Maduhu aliletwa ameshikwa na mkewe, amejikunja upande. Shija akapiga magoti mbele yake bila kuambiwa na mtu, akamweleza yote, kwamba jina lake tulilipa zimwi kwa utani, na akaomba radhi huku analia. Mzee alikuwa anamtazama bibi. Na bibi akainama, akaokota zimwi lenye bawa bovu, akalitia kiganjani mwa mzee.

"Kama nimekufunga humo, jirani, basi jishike mwenyewe. Nenda nalo nyumbani kwako. Kwangu sitaki libaki."

Mkewe alitaka kulisukuma lianguke, Maduhu akauondoa mkono wake. Aligeuza zimwi huku na huku. Akalinusa. Akaligonga kwa ukucha.

"Plastiki," akasema. "Kama ya ndoo." Akalitazama tena usoni. "Na huyu ndiye mimi? Mbona mmenifanya mbaya hivi?"

Mtu mmoja akacheka, akajikatiza. Maduhu akaketi chini kwa shida, akasema, "Chezeni nione."

Tukatandaza ubao pale pale, jua la saa sita, kijiji kizima kimetuinamia. Nikasema mashujaa wamefika pangoni, zimwi linaamka, nikamgeukia mzee na kumkabidhi dadu. "Mzee, wewe ndiye zimwi. Unafanya nini?"

Akajishika ubavu. Kisha akasema, "Nakwenda nyumbani. Naumwa."

Hapo kijiji kikacheka. Si wote, sikudanganyi, wako walioondoka wamenuna na walibaki wamenuna miaka. Lakini yule kijana akaishusha fimbo yake. Bibi akamwambia mke wa Maduhu, mbele za watu, "Mpelekeni hospitali mjini, na ungo njoo uchukue." Walimpeleka. Wakamkuta na mawe kwenye figo. Na mama yule ungo aliufuata, baada ya muda, na aliurudisha na unga ndani.

Sisi hatukuacha kucheza. Tulicheza nje, uani, mchana, na zimwi, ambalo watoto wa Maduhu walikuwa wakilileta na kulirudisha kwao, likaitwa Njaa. Watoto hao ndio waliokuwa wanatushinda kila mara, wezi wa dadu wale. Hata hivyo bibi alianza kukaza komeo la mlango wake, na hakuacha kulikaza mpaka mwisho wake. Nilikuwa nalisikia, na kila likigonga moyo wangu unaruka. Alikufa kwa uzee, kitandani kwake, mwanangu. Wewe unaona ni jambo la kawaida. Mimi nilipiga magoti nikashukuru. Siku ya matanga Mzee Maduhu alinishika mkono akanitilia kitu kiganjani. Ndicho hicho chenye bawa bovu mnachokichezea ninyi, mlichokifunika jana.

Basi nasaha yangu ni hii. Cheza. Mtu asiyecheza huzeeka vibaya. Lakini usimpe zimwi jina la jirani, maana ulimi hauna mfupa na sikio la mpita njia halina subira. Na kabla hujakaa kwenye meza ya mtu, jiulize nani atabaki na mlango wewe ukishaondoka. Mtu akipiga hodi, usifunike. Mvutie kiti. Akikuuliza ni nini, mweleze mpaka achoke, na akitaka kutupa dadu, mpe. Watu hawaogopi wanachokichezea.

Mungu akulinde, Doto, wewe na wenzako. Akupeni marafiki wa kucheka nao hadi meno yawatoke vinywani, na kila mzee aliyewapa chumba chake afe siku zake zikiwa zimetimia, kitandani kwake, mlango ukiwa haujakomewa.

Haya, waite wenzako. Leteni meza hapa barazani, na kitenge changu kirudi kwenye kamba. Nitakaa hapa mlangoni na karanga zangu, sitawasumbua. Ila kabla hamjatupa dadu, niambieni kwanza: hao watu wenu wamekula?