Kata ya Teodosia

Pombe ya Teodosia haikunywewa kwa pupa. Ukiigugumia, alikunyang'anya kata, kile kifuu cha kunywea, maana mama huyu wa Ruangwa hakutaka mchezo na kazi yake. Mtama aliuloweka, akaufunika kwa majani ya mgomba mpaka ukachipua, akauanika, akausaga kwa mkono wake mwenyewe. Pombe ikiwa tayari ilikuwa nzito, chachu kidogo, utamu ukija nyuma. Hata Hajira, jirani yake Mwislamu ambaye pombe haikupata kugusa midomo yake, alikuwa na fungu lake: togwa tamu, mtungi wake mbali na kata yake mbali.

Kornel, mumewe, alikuwa Nachingwea aking'oa visiki kwenye mashamba ya karanga ya Wazungu. Mwaka wa 1949 alirudi, kaptula imenyooka kwa pasi, mkononi bilauri ya kioo. Teodosia alifurahi mpaka akasahau chumvi kwenye mboga. Lakini kila jioni Kornel alikuwa na hadithi moja tu, bia ya chupa.

"Safi, mke wangu! Unaona mpaka chini. Na kila mtu na yake."

Teodosia aliguna tu. Moyoni aliogopa: huyu amerudi kweli, au amekuja kutembea?

Magugu yalikuwa yamelizidi shamba lake, basi akapika pombe, akaita majirani wamsaidie kulima. Walipomaliza, waliketi kuuzunguka mtungi. Desturi ni kwamba aliyepika huonja kwanza, mbele ya macho ya watu, ili kila mmoja ajue hamna kitu kibaya ndani. Kisha humpa mumewe kata ileile. Teodosia akaonja, akampa Kornel kwa mikono miwili.

Kornel akaimimina yote kwenye bilauri. Akapuliza povu. Halafu, jamani, akaiinua juani kuangalia machicha!

Ala! Mzee Saturnini, ambaye zamu yake ndiyo ilifuata, akakunja mikono.

"Kama mume mwenyewe anaichungulia," alisema, "sisi wengine tuna roho ngapi?"

Teodosia alitamani ardhi ipasuke. Miaka yote hiyo amewanywesha watu hawa, na leo anatazamwa kama mchawi, na aliyemtia doa ni mume ambaye yeye alimngoja misimu miwili. Iliuma, nyie, iliuma! Hakuna aliyenyoosha mkono.

Hajira ndiye aliyesogea. Alichota togwa yake, akampa Teodosia.

"Dada, nionjee."

Teodosia akaonja. Hajira akaipokea kata ileile, akanywa mpaka chini, akajifuta mdomo kwa upindo wa kanga.

"Haya, shemeji Kornel," alisema. "Huko Nachingwea, nani alikuwa anakuonjea?"

Kornel akaitazama bilauri yake.

"Hakuna," alisema. "Kila mtu alifungua chupa yake, akageukia upande wake. Nililala na homa kule, hata wa kitanda cha pili hakujua."

Akairudisha pombe kwenye kata, polepole, asimwage hata tone, akampelekea mkewe.

"Nionjee tena, mama. Nilisahau."

Teodosia akaonja huku machozi yakimtoka. Kornel akaweka midomo palepale alipoiweka yeye, akanywa.

"Lete huku, mtaimaliza!" alifoka Mzee Saturnini, na watu wakacheka, kata ikazunguka.

Bilauri ile iliishia kuwekewa mbegu za maboga.

Mwaka wa 1957 Teodosia alishikwa na homa kali, akawa hali chochote, haongei. Kornel, ambaye hakuwahi kupika hata maji, aliingia jikoni akahangaika na moshi mpaka akatoka na uji. Aliketi kando ya kitanda. Akachota kwa kata, akaonja kwanza, mbele ya macho yake, kisha akampa kwa mikono miwili.

"Umeungua," alisema Teodosia, akaunywa wote.