Picha Thelathini na Sita za Fundi Tulia

Kama ujinga ungekuwa na cheti, Fundi Tulia angekitia fremu mwenyewe na kukitundika sebuleni, maana fremu anazo tele. Alikuwa mpiga picha wa studio kwa miaka thelathini na minane. Jina la Tulia alilipata kwa kuwaambia wateja "tulia hapo hapo" mpaka watoto wa mtaa wakawa wanamwamkia nalo. Simu zilipoanza kupiga picha, alizicheka. Zilipomfungia studio, aliacha kucheka, akabaki na stuli moja, pazia la bluu na kiburi chake chote.

Binti yake na mkewe alikuwa anafanya kazi nchi ya mbali, na huko ndiko alikojifungua. Akawatumia wazazi wake kompyuta ya mpakato, ikawekwa juu ya meza ya chakula, na kila Jumapili saa kumi jioni familia ikawa inakutana kwenye kioo. Bibi hakuwahi kumbeba mjukuu wake hata siku moja, na hilo lilimuuma. Alichomwomba mumewe ni kitu kimoja tu.

"Fundi, nataka picha zake ukutani. Niamke nimwone."

Fundi akaahidi kwamba mtoto akikaribia mwaka, ukuta utajaa.

Binti alijaribu kumwelekeza. "Baba, ukitaka kupiga picha ya hiki unachokiona kwenye skrini, kuna kitufe kule juu, upande wa kulia. Ukishakibonyeza..."

"Nimeelewa."

"Sijamaliza, baba."

"Mwanangu, nimepiga picha kabla wewe hujazaliwa. Leo nifundishwe kubonyeza?"

Kuuliza si ujinga, wanasema, lakini yeye alikuwa ameamua kuwa mjinga asiyeuliza, ambaye ni wa daraja la juu zaidi. Akajiwekea utaratibu wa kifundi. Filamu ina picha thelathini na sita, na kamera haifunguliwi kabla filamu haijaisha. Ukiifungua, mwanga unaingia na kila kitu kinaungua. Basi kila Jumapili picha moja, na hakuna kuchungulia. Akaanza mtoto akiwa wa miezi mitatu na ushee. Akanunua daftari, akawa anaandika: *Ya tisa, amekalia mto. Ya kumi na nne, jino la kwanza. Ya ishirini na mbili, amevaa kofia ya mama yake.*

Kitufe chenyewe kilikuwa kidogo na miwani yake ni ya enzi zile. Kwa hiyo alikiwekea kidole mapema, akainama kukilinda kisimponyoke, na mkewe ndiye aliyekuwa macho yake.

"Bado. Bado. Anacheka, haya sasa."

Fundi anabonyeza, anaandika kwenye daftari, na mazungumzo yanakwisha. Kisha anazima kompyuta na kuchomoa waya ukutani, maana yeye ni mtu mwangalifu.

Ilipotimia ya thelathini na sita aliibeba kompyuta kwapani mpaka duka la kuchapisha. Dada wa dukani akaifungua, akatafuta huku na huku.

"Mzee, picha ziko wapi?"

"Ziko ndani."

"Ndani wapi?"

"Ndani ya kompyuta. Wewe zisafishe tu, nizione."

Dada yule hakucheka, na Fundi anamshukuru mpaka leo. Alipoonyeshwa kitufe, alimweleza taratibu kwamba kwenye kompyuta yake kitufe kile kinaishika picha kwa muda tu. Unatakiwa uibandike mahali, kisha uihifadhi. Ukibonyeza tena, ile ya kwanza inaachiwa. Ukizima, na ya mwisho nayo imekwenda.

"Kwa hiyo thelathini na sita zote..."

"Hamna, mzee. Hata moja."

Wahenga walisema majuto ni mjukuu. Fundi Tulia alikuwa amejaliwa vyote viwili ndani ya mwaka mmoja. Njiani alitunga uongo wa kila aina: kompyuta imeungua, imeanguka, virusi vimekula picha. Alipofika nyumbani akamkuta mkewe ameshaondoa saa na kalenda ukutani na kupigilia misumari sita kwa mstari. Uongo wote ukamkauka mdomoni, akasema kweli.

"Hata moja?" mkewe akauliza.

"Hata moja."

Mama wa watu akaitazama ile misumari. "Binti yako alibakiza sentensi moja tu akwambie. Moja, Fundi." Hakupaza sauti. Afadhali angepaza.

Jumapili iliyofuata Fundi alitubu mbele ya kioo, daftari mkononi kama mshtakiwa aliyeleta ushahidi dhidi yake mwenyewe. Binti alicheka mpaka akafuta machozi.

"Mama, usihuzunike. Mimi nimekuwa nikipiga picha ya skrini yangu kila wiki, nataka mtoto awajue. Ngoja nizitume."

Zikaja, moja baada ya nyingine. Mtoto alikuwa kwenye kidirisha kidogo pembeni, lakini alikuwepo: jino la kwanza, mto, kofia. Bibi akawa anaigusa skrini kwa kidole. Fundi naye akawa anazitazama zile picha. Katika kila picha mkewe alikuwa anamchekea mjukuu uso kwa uso, na kando yake paliinama kipara. Wiki zote hizo, kipara kile kile, kinang'aa. Hakuna hata moja yenye uso. Ndipo akaelewa kwamba jino lile hakuliona. Aliliandika tu.

Iliuma. Akasukuma daftari pembeni, akaweka mikono magotini, akainua uso na kumtazama mjukuu wake vizuri kwa mara ya kwanza. Ana nyusi nzito za ukoo. Ana kidoti kwenye kidevu.

"Hujambo, mjukuu wangu."

Mtoto akamkodolea macho. Mdomo ukaanza kumtetemeka, akageuka na kuficha uso begani kwa mama yake.

"Ni babu huyo," binti akambembeleza. "Unayemwona kwenye picha kila asubuhi. Babu."

Mtoto akachungulia, akajificha tena. Fundi, aliyetuliza watoto wa watu kwenye stuli yake miaka yote ile, hakujua la kufanya na wa kwake. Mwishowe akavua miwani, akainama polepole mpaka paji la uso likagusa kibodi.

Mtoto akachungulia tena, akakiona kile kipara.

"Babu," mtoto akasema, akapiga makofi. "Babu. Babu."

Fundi akabaki vile vile, uso umelala kwenye vitufe, mtoto akiendelea kumwita, kwa sababu alijua kwamba akiinua tu kichwa atakuwa mgeni tena.