Supu ya Bibi Bok-rye kwa Watu wa Magodoro

Watu wa magodoro walikuwa wakija mara moja kwa mwaka, baridi inapoanza kuuma. Mtaa mzima wa Dolgol uliwaita hivyo, ingawa hawakuwahi kuleta godoro hata moja. Kampuni yao ya magodoro ndiyo iliyofadhili vyuma vya kushikia kwenye ngazi za mlimani, ikakarabati ukumbi wa wazee, na jina lake likaandikwa mlangoni kwa herufi kubwa kuliko jina la mtaa. Kila mwaka wafanyakazi wake walijitolea siku nzima. Walijipanga mstari kuanzia barabarani, pale lori linaposhindwa kuendelea, wakapitisha mkono kwa mkono madonge ya makaa ya mawe, ya duara na yenye matundu, hadi kwenye mlango wa kila mzee anayeishi peke yake.

Gu Bok-rye alikuwa mmoja wa wazee hao. Kila mwaka alisimama mlangoni akiinama na kusema asante, asante, asanteni sana, mpaka kiuno kikaanza kulalamika. Wao walipiga naye picha, wakamvisha skafu, kisha hao, wakashuka zao. Hakuna aliyevua viatu akaingia ndani. Hakuna aliyeonja kitu. Mtu akupandie mlima kwenye baridi, achafuke mikono kwa ajili yako, halafu aondoke na tumbo tupu? Wengine waliita hiyo ni heshima. Bibi Bok-rye aliona wanamfanya ombaomba. Enzi za uhai wa mumewe, Bwana Ha, hata msoma mita ya umeme hakutoka nyumba ile bila kukalishwa mbele ya bakuli.

Si kwamba hakujaribu. Mwaka uliopita aliwachomea viazi vitamu. Msimamizi wao, Bwana Tak, mtu mrefu mwenye sura ya kuombea radhi, aliinama karibu avunjike. "Kanuni, Bibi. Haturuhusiwi kupokea kitu kwa watu tunaowasaidia." Bibi Bok-rye alivila viazi vile peke yake mpaka akavichukia.

Mwaka huu aliamka kukiwa bado kijivu. Akachemsha supu ya dagaa, akakanda unga, akakata tambi kwa kisu na kuzitandaza juu ya kitambaa. Nje ukungu ulikuwa umeumeza mji wote wa chini, na paa za Dolgol zilielea juu yake bila kushikwa na kitu. Alizitazama kwa muda mrefu. Siku kama hizi hakuwa na hakika sana kama yuko macho, na wala hakujali.

Lori lilisikika kabla halijaonekana. Bibi Bok-rye akafunika sufuria, akashuka ngazi, akachukua aproni ya kampuni kwenye lundo na kujifunga. Kisha akajipenyeza kwenye mstari, katikati ya vijana wawili wa idara ya mauzo.

"We Bok-rye, umepatwa na nini?" Mama Cheol-min, jirani yake, alikuwa ameegemea ukuta akila tunda la kaki lililokaushwa. "Watu wanaletewa makaa, wewe unajibebea?"

"Haya ni ya kwako, mvivu wewe. Nyamaza nikuletee."

Bwana Tak alikuja mbio. "Bibi, tafadhali. Huna bima."

"Umri huu bima ya nini, mwanangu? Nikianguka si nitakuwa nimefika tu."

Vijana wakacheka, na mmoja akampa donge la kwanza kabla mkubwa wake hajamzuia. Lilikuwa zito kama mtoto mchanga. Akalipokea, akageuka, akalikabidhi. Likaja jingine. Akapokea, akageuka, akakabidhi. Muda si mrefu mwili ukaijua kazi, na akili ikapata ruhusa ya kuzurura.

Ukungu ulipanda nao ngazini. Waliosimama chini yake walianza kufutika, wa mbali kwanza, kisha wa karibu, mpaka ikabaki mikono tu inayotokea kwenye weupe ikiwa imeshika makaa. Mikono ya nani, hakuweza kujua. Akawaza kwamba mmoja wao huko chini ni Bwana Ha, ambaye jioni za zamani alipanda ngazi hizi hizi na madonge mawili yaliyotungwa kwenye kamba ya majani, la kutosha usiku na la kutosha asubuhi, akipiga mluzi vibaya. Akawaza mama yake naye yupo, na dada yake aliyefia kwenye kiwanda cha sweta, wote wamejipanga, wote wanampasia moto wa baadaye. Theluji nyepesi ilianza kushuka bila kelele. Hakusikia baridi. Alikuwa na furaha kiasi kwamba aliogopa mtu asije akamgusa bega.

Aliyemgusa bega alikuwa Bwana Tak. "Tumemaliza nyumba za huku, Bibi. Imebaki yako. Watu wapumzike kidogo kwanza."

Mapumziko yenyewe yalikuwa mkate wa kwenye mfuko wa plastiki na maziwa ya boksi. Walikula wamesimama, wameipa theluji mgongo, pua zao zimekuwa nyekundu na nyuso zina masizi. Bibi Bok-rye aliwatazama, akajipangusa mikono kwenye aproni.

"Nyumbani kwangu kuna tambi," alisema. "Supu iko jikoni inanisubiri. Njooni mle."

"Bibi, tulishaongea."

"Mlisema hampokei kwa mnaowasaidia. Basi mwaka huu msinisaidie. Yale makaa yangu mpelekee mwingine."

Mama Cheol-min aliacha kutafuna. "Utaganda, mjinga wewe."

"Nitaganda nikiwa nimepata wageni." Akamgeukia msimamizi. "Mwanangu Tak, mimi si sanduku la kuwekewa vitu. Mnanijia kila mwaka, na mpaka leo hakuna hata mmoja wenu anayejua chumba changu kinanukia nini. Chagua. Makaa yangu au supu yangu."

Watu wakatazama viatu vyao. Bwana Tak alikuwa na mke, mkopo wa nyumba na bosi anayesoma kila ripoti, na yote hayo yalipita usoni pake moja baada ya jingine. Akautazama mkate ulioumwa mkononi mwake. Akaurudisha kwenye mfuko wake.

"Makaa yako yatakuja, Bibi," alisema. "Na supu nitakunywa. Wakiniuliza, nitajibu mimi."

Chumbani kwa Bibi hawakuenea. Wengine walikaa kitandikoni, wengine kizingitini, wawili wakala wamechuchumaa jikoni wakigombania kimchi, kabichi iliyochachushwa kwa pilipili. Viatu vilijaa mlangoni, vikapandana. Bibi Bok-rye hakukaa hata kidogo. Alimwagia huyu supu, akamkaripia yule kwa kula polepole, akamwambia Bwana Tak kwamba mtu mrefu namna hiyo bakuli moja linaishia magotini, na Bwana Tak, ambaye miwani yake ilikuwa imejaa mvuke, akaleta bakuli bila ubishi. Mama Cheol-min alikuja bila kualikwa na kusema chumvi imepungua, kisha akala mara mbili.

Walipomaliza wakapanga mstari mara nyingine, wakayaingiza makaa yake stoo. Halafu wakasimama uani, nyuso nyeusi, na kwa pamoja wakainama mbele yake.

"Asante kwa chakula, Bibi."

Kiuno chake kilikuwa tayari kimeanza kukunjika kwa mazoea, asante ya kila mwaka imeshafika ulimini. Akajikuta anasita. Akajinyoosha taratibu, akaiweka mikono nyuma kama mwenye nyumba.

"Haya," akawaambia, "hamkula kitu. Mwakani mje na njaa."