Furu wa Mawe ya Kayenze

Nilifunga safari kwa aibu. Nilikuwa mwalimu wa biolojia Nyakato, siku zile za ruksa, biashara ilipofunguliwa, ambapo viwanda vya minofu vilichipuka na kila jiko la jirani lilinukia mapanki, mifupa ya sangara inayobaki baada ya minofu kukatwa. Nilikuwa nikieleza darasani jinsi furu jike, samaki mdogo wa ziwani, anavyolea watoto mdomoni, binti mmoja akaniuliza, "Mwalimu, wewe umewahi kumwona?" Sikuwahi. Nikaamua kwenda kumleta akiwa hai.

Jumamosi saa moja asubuhi nilipanda pikapu ya wachuuzi wa dagaa, ndoo tupu mapajani. Saa nne nilikuwa Kayenze, kando ya ziwa, kwa Kulwa, mvuvi aliyemwoa dada wa mwalimu mwenzangu. Alikuwa uani akitengeneza nyavu.

"Huko kilindini sangara amewamaliza furu," aliniambia. "Waliobaki wako kwenye mawe. Nyufa ni nyembamba, sangara hapenyi."

Mkewe, Mbuke, alikuwa akitazama ziwa. "Magugu maji yanatembea leo. Msikawie, shemeji."

Saa sita mtumbwi ulifika kwenye mawe. Nililala kifudifudi juu ya jiwe, nikachungulia majini. Dume la rangi ya buluu lilikuwa likikwangua ukoga huku likifukuza wenzake. Pembeni alikuwapo jike wa kijivu, amezungukwa na vitoto vidogo kama punje za mchele. Kivuli cha mkono wangu kilipopita, vyote vilikimbilia mdomoni mwake, naye akafumba. Nilicheka peke yangu kama mtoto. Kulwa alimnasa kwa kipande cha wavu, tukamtia ndooni.

Tulipogeuza kurudi, upepo ukabadilika. Magugu maji yalikuja kama shamba linaloelea, yakatuzunguka pande zote. Kulwa alisukuma kwa kafi mpaka likavunjika. Magugu yakaubana mtumbwi kwenye mwamba, ubao mmoja ukafunguka, maji yakaanza kuingia.

"Turukie kwenye magugu?" niliuliza.

"Hayakubebi. Tazama kule."

Kati ya majani, hatua kama kumi, niliona macho mawili na pua ya mamba. Hayakupepesa. Nilijaribu kusali, maneno yakanipotea.

"Mwalimu, ndoo!" Kulwa alipaza sauti. "Mwaga huyo samaki!"

Naona haya kusema kwamba nilisita. Maji yalikuwa yamefika kwenye vifundo vya miguu. Nilimmwaga pembeni, akazama kati ya mizizi myeusi, nikaanza kukumba maji. Nilikumba mpaka mabega yakafa ganzi. Kila nilipoinama nilihisi mkono wangu utavutwa. Yale macho yakazama, na hapo ndipo nilipoogopa zaidi, kwa kuwa sikujua yalipo.

Mwangaza wa jioni ulikuwa umeanza kufifia tuliposikia sauti ya Mbuke. Alikuwa amekusanya wavuvi wenye mitumbwi miwili, wakifyeka njia kwa mapanga. Walitutupia kamba. Wakatuvuta mpaka ufukweni. Mbuke alimshika mumewe kola, akamtikisa, kisha akalia.

Jumapili asubuhi, kabla sijapanda gari la kurudi mjini, nilimwomba Kulwa radhi kwa kusita kwangu. Nikamwambia pia kwamba nahofia yule furu amekufa chini ya magugu, maana maji yale hayana hewa.

"Sangara ndiye hawezi hayo maji," alisema. "Anakosa pumzi, hukimbia. Furu anavumilia. Tukivuta magugu siku hizi tunawakuta humo wadogowadogo, hata wale tuliodhani wamekwisha."

Njiani nikirudi nililifikiria somo langu. Kwa miaka sita nilikuwa nimefundisha kwamba makazi ni mahali panapomfaa kiumbe, wanafunzi wakaandika, nami nikasahihisha. Kumbe yale magugu yaliyotaka kutuzamisha ndiyo pia yaliyokuwa yakimficha furu na watoto wake.